Barua ya wazi kwa mabaraza ya vyuo vikuu: pandeni paani kabla ya kuweka jiwe la msingi

Kwa wenyeviti na wajumbe wa mabaraza ya vyuo vikuu, makamu wakuu wa vyuo, na wakurugenzi wa miliki.

YAH: MATUNZO YA MAJENGO MLIYORITHI

Waheshimiwa,

Mimi ni msanifu majengo, ingawa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukagua majengo yaliyozeeka. Mapya nachora kwa nadra. Kazi hii humwonyesha mtu chuo kwa upande ambao wageni rasmi hawapelekwi: darini, juu ya paa, na kwenye kile chumba cha chini ya ngazi chenye swichi kuu ya umeme ambacho siku hizi ni stoo ya viti vilivyovunjika. Ombi langu nalitaja mapema msije mkachoka kulitafuta. Kila chuo chenye majengo ya kujivunia kiwe na fungu la matengenezo ambalo haliazimwi kwa shughuli nyingine, na baraza lisipitishe jengo jipya kabla ya kusomewa taarifa ya hali ya yale yaliyopo.

Thamani ya sura ya majengo mnaijua vizuri kuliko mimi. Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapwa kwenye noti ya shilingi 500 ya Tanzania ya mwaka 2010, ambayo iliondolewa kwenye mzunguko mwaka 2025. Maktaba kuu ya UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Mexico, imevikwa kuta zake kwa picha kubwa iliyobuniwa na msanii Juan O'Gorman na kutengenezwa kwa vipande vya mawe kutoka sehemu mbalimbali za nchi, kila kipande kikiwa na rangi yake ya asili, kwa kuwa rangi ya jiwe haipauki juani kama rangi ya kopo. Mwaka 2007 UNESCO iliiingiza kampasi hiyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Vyuo vyenu navyo vina jengo lenu, lile linalotokea kwenye kalenda, kwenye tovuti na kwenye picha za mahafali. Lakini ukifungua kitabu cha bajeti hulioni. Limefichwa ndani ya "matengenezo mengineyo", pamoja na kufyeka majani na kufukuza popo.

Tena hadhi peke yake hailindi kitu. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Kati cha Venezuela mjini Caracas, iliyochorwa na msanifu Carlos Raúl Villanueva, iliingia kwenye orodha hiyo hiyo ya UNESCO mwaka 2000, na kwa haki. Ndani ya ukumbi wake mkubwa, Aula Magna, vibao vya mchongaji Alexander Calder vinaning'inia darini kama mawingu, na licha ya uzuri wake vina kazi ya kurekebisha sauti ya ukumbi. Nje, majengo yameunganishwa kwa njia ndefu zilizoezekwa kwa zege, mwanafunzi aende kutoka kitivo hadi kitivo bila kuchomwa jua wala kulowa. Juni 2020, baada ya miaka mingi ya chuo kukosa fedha, sehemu ya njia hizo ilianguka. Kampasi ilikuwa tulivu kwa sababu ya korona. Siku ya kawaida ya masomo, hapo ndipo watu hupita.

Naomba nikae kidogo kwenye zege, maana kampasi nyingi duniani ni watoto wa miaka ya 1950 hadi 1970, wakati nchi nyingi zilipokuwa zikipata uhuru na kila serikali ikitaka chuo chake. Majengo ya wakati ule yalipenda nguzo nyembamba, mapaa bapa na zege lililoachwa wazi bila lipu. Zege changa huilinda nondo iliyo ndani yake kwa kemia tu: ni kali kwa namna ambayo chuma hakishiki kutu. Kadiri miaka inavyopita, hewa ya ukaa hupenya kutoka nje na kuupunguza ukali huo, milimita kwa milimita. Siku itakapoifikia nondo, kinachosubiriwa ni maji. Maji yakifika, nondo inashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Basi inasukuma kutoka ndani, zege linapasuka kwa mstari unaofuata nondo, kipande kinadondoka, na maji sasa yana mlango mpana zaidi wa kuingilia. Majengo ya zama zile yaliifunika nondo kwa zege jembamba kuliko tunavyokubali leo, na yote yanafikia umri huu kwa pamoja. Kama mmeanza kuona mistari ya kutu chini ya veranda za maktaba yenu, mjue kazi hiyo ilianza ndani miaka mingi kabla haijajitokeza.

Na maji yenyewe yanatoka wapi? Mara nyingi yanatoka kwenye gata iliyoziba kwa majani. Nasikia aibu kuandika jambo dogo hivi kwa watu wakubwa kama ninyi, lakini ndilo ninalolikuta tena na tena. Gata ikiziba, mvua inafurika na kuteremka ukutani. Ukuta unalowa, rangi inabambuka. Anaitwa mpaka rangi. Mvua ijayo rangi inabambuka tena, naye anaitwa tena, kwa kawaida wiki mbili kabla ya mahafali. Nimekagua kuta zenye matabaka ya rangi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu wageni rasmi waliopita. Aliyepaswa kuitwa tangu mwanzo ni mtu mwenye ngazi na ndoo. Methali ya ufa na ukuta sote tuliiimba shuleni, sitairudia hapa.

Maktaba ya Al-Qarawiyyin mjini Fes, Morocco, kwenye taasisi inayohesabu mwanzo wake mwaka 859 na inayomtaja mwanamke, Fatima al-Fihri, kuwa mwanzilishi, ilianza kufanyiwa ukarabati mwaka 2012 chini ya msanifu Aziza Chaouni. Mgeni akienda huko leo atapigwa picha mbele ya vigae na milango ya mbao iliyochongwa. Lakini adui mkubwa pale alikuwa unyevu uliokuwa ukipanda kwenye kuta na kutishia miswada, na sehemu muhimu ya kazi ilifanyika chini ya ardhi: mifereji ya kuyaondoa maji. Haina mvuto kwenye picha, na huenda ndiyo sababu kazi ya namna hiyo hupata mfadhili kwa shida sana.

Wapo waliolifikiria jambo hili tangu siku ya kwanza ya ujenzi. Msikiti wa Sankore mjini Timbuktu, Mali, uliokuwa kitovu cha elimu kwa karne nyingi, umejengwa kwa udongo, na ukutani umechomekwa magogo yanayochomoza nje. Wageni hudhani ni mapambo. Hayo ni majukwaa ya mafundi. Ukuta wa udongo ni lazima ukandikwe upya kila baada ya muda, la sivyo mvua itaubeba, na waashi wa kwanza walilijua hilo. Wakamwachia fundi ambaye bado hajazaliwa mahali pa kukanyaga. Ndiyo maana jengo la udongo limesimama kwa karne kadhaa, wakati mengine ya zege yanadondoka kabla ya kutimiza miaka 60. Linganisheni na kampasi zenu: mnayo majengo mangapi ambayo hata balbu ya ukumbi mkuu haiwezi kubadilishwa bila kukodi jukwaa? Msanifu aliyechora hivyo alipata tuzo, na anayehangaika leo ni fundi wenu wa umeme.

Kuna tabia nyingine inayonisumbua zaidi ya uzembe wa gata, nayo ni ya kuliacha jengo lichakae kisha uchakavu huo huo ukatumika kuwa sababu ya kulibomoa. Chuo cha menejimenti cha Ahmedabad nchini India, IIM, kina majengo ya matofali ya msanifu Louis Kahn yaliyojengwa katika miaka ya 1960 na 1970, yenye matao makubwa ya duara ambayo wanafunzi wa usanifu duniani kote huyachora kwenye madaftari yao. Desemba 2020 uongozi ulitangaza mpango wa kubomoa mabweni 14 kati ya 18. Ulitoa sababu: yanavuja, matofali yanabambuka, na tetemeko la ardhi la mwaka 2001 liliyapasua. Wahitimu na wasanifu kutoka kila bara wakapaza sauti, na siku chache baadaye tangazo likaondolewa. Mwaka 2022 uongozi ukarudi na msimamo kwamba ukarabati hauwezekani.

Sisemi kwamba hofu ya uongozi ule ni ya uongo. Bweni linalodondosha matofali si mahali pa kumlaza mtoto wa mtu. Ila kwenye kampasi hiyo hiyo, maktaba ya Vikram Sarabhai, ya msanifu huyo huyo na matofali hayo hayo, ilikarabatiwa hadi mwaka 2019 UNESCO ikaupa ukarabati huo tuzo. Jengo moja lilipata fungu na wataalamu kwa wakati wake, mengine yakasubiri. Kwa hiyo mkiletewa ripoti inayosema jengo fulani "limefikia mwisho wa maisha yake", ulizeni limetengewa nini katika miaka 20 iliyopita, na mjibiwe kwa tarakimu.

Wakati mwingine jengo halihitaji hata kuchakaa ili liharibike. Tunaliharibu kwa kutolielewa. Wasanifu Maxwell Fry na Jane Drew walipochora majengo ya Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuendelea, walifanya majengo membamba, upana wa chumba kimoja, yenye madirisha pande mbili na kuta za vitalu vyenye matundu, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Katika Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo, Ile-Ife, nchini humo humo, msanifu Arieh Sharon alichora majengo ambayo kila ghorofa imejitokeza nje kupita ile ya chini yake, mithili ya piramidi iliyopinduliwa. Ghorofa ya juu inaikinga ya chini: jua kali halifiki dirishani, mvua haipigi mezani, na madirisha yanaweza kubaki wazi hata wakati wa mvua. Hayo ni mahesabu ya jua na upepo yaliyoganda kwenye zege. Hayaombi umeme.

Sasa angalieni tunavyoyatendea majengo ya namna hiyo. Idara inakosa ofisi, basi veranda inazibwa kwa alumini na vioo, zinapatikana ofisi tatu. Upepo umekatika, kwa hiyo ofisi ya nyuma yake inaomba kiyoyozi. Ukuta unatobolewa, na bomba la kiyoyozi linadondoshea maji kwenye ukingo wa zege la ghorofa ya chini mchana kutwa, mwaka mzima, na mnakumbuka nilichosema juu ya maji na nondo. Vitalu vyenye matundu vinazibwa kwa plasta kwa kuwa vumbi linaingia. Luva zinang'olewa, vinawekwa vioo visivyofunguka. Miaka kumi baadaye mnaambiwa kwamba jengo hili la zamani lina joto, halifai tena, tujenge la kisasa. Mchoraji wa awali akifufuka hataijua kazi yake. Na kila hatua katika hizo ilikuwa na barua, kibali na saini. Hakuna aliyevunja utaratibu wowote, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulitazama jengo zima.

Moto je?

Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil yaliungua. Wengi hawajui kwamba makumbusho hayo ni sehemu ya chuo kikuu, Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio de Janeiro. Jengo lilikuwa kasri la zamani la familia ya kifalme, makusanyo yalikadiriwa kuwa vitu milioni 20, na taasisi ilikuwa imetimiza miaka 200 mwaka huo huo. Zimamoto walikuta mabomba ya karibu hayana maji ya kutosha, wakalazimika kuyatafuta kwingine. Uchunguzi wa polisi ulihitimisha kwamba moto ulianzia kwenye kiyoyozi cha ukumbi wa chini. Kinachoniuma zaidi ni tarehe moja: mkataba wa fedha za ukarabati, ambazo ndani yake mlikuwa na za kinga ya moto, ulisainiwa Juni 2018. Miezi mitatu tu kabla. Ombi la fedha lilikuwa la miaka mingi.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 lilikuwa ni Jengo Kuu la Makerere, jengo la mwaka 1941 lenye mnara ambao kila aliyesoma Uganda anaujua. Paa liliteketea, ndani kukabaki kuta. Lilijengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024. Sura imerudi, na wote waliofanya kazi ile wanastahili pongezi. Jengo la msanifu Charles Rennie Mackintosh la chuo cha sanaa cha Glasgow, Scotland, lililokamilika mwaka 1909, liliungua Mei 2014 wakati mfumo wa kuzima moto ukiwa katikati ya kufungwa. Likafanyiwa ukarabati wa miaka minne. Juni 2018, kazi ikielekea ukingoni, likaungua tena, safari hii vibaya kuliko ya kwanza.

Nawaletea na mfano wa upande wa pili, msije mkadhani moto ni majaliwa tu. Aprili 2021 moto wa nyikani uliteremka miteremko ya Table Mountain hadi kwenye Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, chumba kizuri mno, pamoja na vitabu na filamu ambazo hazitapatikana tena. Lakini chini ya chumba kile kulikuwa na maghala ya nyaraka, na huko moto haukufika, kwa sababu milango ya kuzuia moto ilijifunga kama ilivyotakiwa. Maji ya kuzimia moto yaliteremka na kulowesha mengi, na kwa wiki kadhaa watu wa kujitolea walipanga mistari kupokezana makasha kutoka gizani. Walikuwa na kitu cha kuokoa. Katika ukaguzi wangu, mlango wa namna ile nimeukuta mara nyingi umetegeshwa jiwe usijifunge, kwa kuwa unawasumbua wapitaji.

Najua jibu mlilonalo mdomoni. Wanafunzi wanaongezeka, serikali inadai udahili, mfadhili anataka jengo lenye jina lake, na hakuna mfadhili aliyewahi kuomba gata iitwe jina la mama yake. Haya yote ni kweli. Jiwe la msingi lina picha, lina hotuba, lina wimbo wa kwaya. Kuziba ufa hakuna hata kimojawapo. Makamu mkuu ana kipindi chake, na zege linachukua miaka 40 kulipiza. Siwalaumu ninyi binafsi kwa jinsi heshima inavyogawanywa, ila ninyi ndio mnaoweza kuibadilisha, kwa sababu baraza halina kipindi: watu wanapita, baraza linabaki.

Na jengo jipya nalo si dawa. Mwaka 1943 MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, ilisimamisha jengo la mbao la haraka haraka kwa ajili ya utafiti wa rada wakati wa vita, likiitwa Jengo namba 20 na likikusudiwa kuvunjwa vita vikiisha. Lilikaa hadi 1998. Lilikuwa baya kwa sura, lakini waliofanya kazi humo, akiwamo mwanaisimu Noam Chomsky, walilipenda: ukitaka kupitisha waya, unatoboa ukuta na kuendelea na kazi. Mahali pake likajengwa jumba la Stata, kazi ya msanifu Frank Gehry, lililofunguliwa 2004 kwa gharama ya takriban dola milioni 300, lenye kuta zinazoinama kila upande. Mwaka 2007 chuo kikafungua kesi dhidi ya ofisi ya msanifu na mkandarasi, kikidai jengo linavuja, limepata nyufa na halitoi maji vizuri. Mwaka 2010 pande hizo zikamalizana. Mimi binafsi nalipenda jengo la Gehry, na nasikitika kwamba lile la mbao lilikwenda bila hata chumba kimoja kubakizwa. Lakini mjumbe wa baraza anayedhani kipya hakina gharama aisome kesi hiyo.

Kuna la katikati pia. Jengo la kitivo cha historia la Cambridge, kazi ya James Stirling ya mwaka 1968, lilikuwa tanuri wakati wa joto na jokofu wakati wa baridi, na lilivuja. Katika miaka ya 1980 chuo kilifikiria kulivunja. Mwishowe kilichagua kulirekebisha, na leo linalindwa na sheria kama jengo la kihistoria. Watu husafiri kwenda kuliona. Jengo likiwa na miaka 15 huonekana kosa tupu. Likifika 50 linaweza kuwa ndilo linalotafutwa. Katikati ya umri huo ndipo majengo mengi hufa, na majengo yenu mengi yako humo humo sasa.

Msinielewe vibaya, siombi kampasi iwe makumbusho. Yapo majengo yasiyo na chochote cha kutetea, yavunjeni kwa amani. Na hayo mazuri yenyewe yana dhambi zake: ngazi 30 hadi kwenye mlango mkuu na hakuna njia ya kiti cha magurudumu, vyoo vya wanawake viwili kwa jengo la watu mia sita kwa kuwa mchoraji hakuwatarajia. Hayo yarekebishwe, tena yaanze hayo kabla ya kung'arisha marumaru. Kulinda jengo ni kujua lipi ndilo roho yake na lipi linaweza kuguswa. Njia ya kiti cha magurudumu haiui jengo. Kuziba veranda kunaliua.

Fungu ninaloliomba liwe na anuani yake kwenye bajeti na lilindwe kwa azimio la baraza, kama inavyolindwa mishahara. Kila pendekezo la jengo jipya liletwe na gharama ya kulitunza kwa miaka 30, na mfadhili aambiwe kiasi hicho siku ya kwanza, kabla hajachagua rangi ya bango. Mtashangaa wangapi watakubali kuchangia mkiwaeleza waziwazi.

Kisha tafuteni michoro. Vyuo vingi haviwezi kuonyesha ramani za ujenzi za jengo lao mashuhuri kuliko yote. Ziko kwa mjane wa mkandarasi, au kwenye kabati la wizara, au zililiwa na mchwa. Bila ramani kila fundi anapasua ukuta akitafuta bomba. Pamoja na ramani, orodhesheni samani. Viti alivyovichora msanifu Pierre Jeanneret na wenzake kwa ajili ya mji wa Chandigarh, India, vikiwamo vya Chuo Kikuu cha Panjab, vilitupwa na kuuzwa kwenye minada kama takataka, na leo vinanunuliwa kwa bei ya vito kwenye minada ya Paris na London. Kile kiti kizito cha mbao kilichotupwa stoo chini ya ngazi, juu ya swichi kuu ya umeme, kitazameni mara mbili kabla ya kukiondoa hapo. Ila kiondoeni.

Jambo la mafundi linanigusa zaidi. Zamani vyuo vingi vilikuwa na karakana yake: seremala, mwashi, fundi bomba, kila mmoja akijua jengo lake kwa jina na kwa maradhi yake. Wamestaafu, nafasi zao zikafutwa, kazi inatolewa kwa zabuni kwa mwenye bei ya chini, ambaye anakuja mara moja na kuondoka. Ujuzi wa mahali hauwezi kuagizwa kwa zabuni. Ajirini wachache, wapeni ngazi nzuri na daftari, na waandikwe wasaidizi vijana watakaojifunza kwao. Na ninyi wenye shule za usanifu na uhandisi, mnao wanafunzi wanaolipa ada kukaa ndani ya jengo wasiloruhusiwa kulipima. Mwaka wa pili wapewe kampasi yao wenyewe kuwa zoezi: wapime, wachore, wapige picha za nyufa, warudi mwaka unaofuata waone ufa umekwenda wapi. Mtapata taarifa ya hali ya majengo kila mwaka, nao watahitimu wakijua jinsi maji yanavyotembea ndani ya ukuta, jambo ambalo nililijifunza kazini kwa kuchelewa mno.

Kikao chenu kijacho, naamini, kina ajenda ya jengo jipya. Kabla ya michoro yake kutandazwa mezani, mkaribisheni mkurugenzi wa miliki na mumwulize ni lini mara ya mwisho gata za jengo kuu zilisafishwa, ramani zake ziko kwenye kabati lipi, na milango ya kuzuia moto ya maktaba ilijaribiwa lini. Aje na fundi wake, maana fundi ndiye atakayejibu. Wakikosa jibu la swali lolote kati ya hayo, ahirisheni ajenda ya jengo jipya hadi kikao kinachofuata, na muda huo mtumie kupanda paani.

Wenu mtiifu,

Mkaguzi wa majengo